Ilidunda mara tatu, gurudumu la mbele likavunjika

*Shikamoo mwalimu. Niliona ndege ndogo aina ya Cessna ikitua kwenye uwanja wa nyasi. Ilidunda mara tatu, gurudumu la mbele likavunjika, pangaboi ikachimba udongo. Rubani katoka mzima. Injini ilizimika? – Msomaji, Masaka*

Marahaba. Alhamdulillahi katoka mzima. Kwa ulivyoeleza, sidhani ni injini. Kudunda hivyo mara nyingi huanzia kwenye kasi iliyozidi. Mbawa bado zinaibeba ndege, rubani anaona uwanja unaisha, anasukuma usukani mbele ili aikalishe chini kwa nguvu. Gurudumu la mbele linatangulia, na hilo halikuundwa kupokea kishindo. Kazi hiyo ni ya magurudumu makubwa mawili ya nyuma yake. Pua inarushwa juu, rubani anaisukuma tena akiwa amechelewa, na kila dundo linazidi la kwanza.

Yalinipata nikiwa mwanafunzi wa urubani. Nakumbuka nyasi zilivyojaa kioo chote cha mbele, mkono wa kushoto umeganda kwenye usukani. Mwalimu wangu hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu wa kulia, akausukuma pamoja na mpini wa mafuta, ule wa kuongeza nguvu ya injini, hadi mwisho, akasema, “Tunapaa.” Dawa ni hiyo: ikidunda vibaya, usipigane nayo, paa ukajipange upya. Vijana wengi huona haya kupaa tena, na haya hiyo inanisikitisha kuliko gharama ya gurudumu.

*Mwalimu, huku kwetu ni juu sana kutoka usawa wa bahari; hilo linachangia ndege kudunda? – Mwanafunzi wa urubani, Soroti*

Sana. Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mchana wa joto, kipimakasi kikisoma noti 65 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege), ndege inakata hewa kwa noti 71 hivi, kwa hiyo inahitaji uwanja mrefu zaidi kusimama. Hata hivyo wewe fuata kipimakasi, macho yatakudanganya. Tena kuna upepo unaovuma kutoka nyuma: kitabu cha mwongozo cha Cessna 172 kinataka uongeze asilimia 10 ya umbali wa kutua kwa kila noti 2 za upepo huo. Na mvua ikiwa imenyesha, breki kwenye nyasi zinateleza tu.

*Rubani atashtakiwa? – Mama wa mwanafunzi, Kampala*

Dada yangu, uchunguzi wa ajali za ndege, kwa kanuni za kimataifa, lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Naomba watu waache kumhukumu kijana wa watu kwenye WhatsApp. Tena msiivute ndege pembeni kabla wachunguzi hawajafika, isipokuwa kuokoa mtu. Michirizi ya matairi kwenye nyasi inaonyesha iligusa wapi, na jinsi pangaboi ilivyokunjika husaidia kujua kama injini ilikuwa inavuta.

*Tusogee kusaidia? – Bodaboda, Kajjansi*

Watoeni watu haraka, mkitokea upande upepo unakotoka. Petroli ya ndege inawaka upesi: zimeni sigara, na pikipiki ziacheni mbali.