Kabla hujanunua kiwanja kando ya mto, usome mto wenyewe

Kwa kuwa napenda miamba na mito, jamaa na marafiki huniomba niwasindikize wanapokwenda kuangalia kiwanja. Wao hutazama mandhari na hati. Mimi hushuka moja kwa moja hadi kwenye kona ya mto. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiridhike kuona mto ulipo leo. Tafuta ulikopita zamani na unakoelekea. Yote hayo yameandikwa ardhini, na macho, jembe na nyundo vinatosha kuyasoma.

Anza na kona. Maji yanapopinda hukimbia zaidi upande wa nje, na huko ndiko yanakokula ukingo. Upande wa ndani yanapoteza kasi, yanatua mzigo: kokoto, mchanga, tope. Ndiyo maana mto wa tambarare hautulii mahali pamoja. Ukikuta ukingo umesimama wima, udongo wake uko wazi bila hata jani, na mizizi ya miti inaning'inia hewani, jua ardhi hiyo inaliwa sasa hivi. Na sijui kwa nini, lakini wauzaji hupenda sana kukusimamisha juu ya ukingo wa namna hiyo. Pakavu, pana upepo, unaona mbali. Hawakwambii kwamba panapungua kila mafuriko.

Usikimbilie upande wa ndani ukidhani umepona. Pale ni chini, na ni mashapo mapya ambayo mto umeyaweka na unaweza kuyachukua tena. Zaidi ya hapo, kona ikizidi kujipinda, shingo yake hubaki nyembamba, na siku ya mafuriko maji hukata njia ya mkato. Mji wa Vicksburg huko Marekani ulikuwa kwenye kona kama hiyo ya mto Mississippi. Mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi wa Jenerali Ulysses Grant walihangaika kuchimba mfereji kwenye shingo ile ili meli zao zikwepe mizinga ya mji. Mafuriko yakawashinda, wakaacha. Mwaka 1876 mto ukaikata shingo wenyewe, na bandari ya mji ikaachwa pembeni. Ilibidi mto mwingine, Yazoo, uelekezwe huko kwa mfereji uliokamilika mwaka 1903 ndipo mji upate maji ya kupitisha meli.

Hapo ndipo nasisitiza jambo ambalo wanunuzi hulipuuza: kama hati inasema mpaka wako ni mto, muulize mwanasheria mpaka huo unakuwaje mto ukihama. Mwaka 1877 mto Missouri uliruka ghafla na kuacha kipande cha jimbo la Iowa upande wa Nebraska. Majimbo hayo yakafikishana mahakamani. Mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mto ukihama kidogo kidogo, mpaka huhama nao, bali ukiruka ghafla, mpaka hubaki palepale ulipokuwa. Kipande kile, yaani Carter Lake, ni mji wa Iowa hadi leo, ingawa uko ng'ambo. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Kujua mto ulikopita, chimba shimo la kina cha kiuno. Ukikuta tabaka la mchanga, kisha tope, kisha mchanga tena, maji yamefika hapo mara kwa mara. Mawe laini ya mviringo ni ushahidi mzito zaidi, maana jiwe haliwi mviringo bila kubiringishwa na kusuguana na mengine. Kidimbwi chenye umbo la mwezi mchanga ni kona iliyokatwa. Takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi hukuonyesha mafuriko yalifika kimo gani. Tazama pia ukubwa wa mawe yaliyomo mtoni, usidanganywe na utulivu wa kiangazi. Kuna kanuni ya zamani kwamba kasi ya maji ikizidi mara 2, uzito wa jiwe yanaloweza kusukuma huzidi mara 64. Ukiona majabali katikati ya kijito cha kuvuka kwa kuruka, kuna siku kijito hicho si kijito.

Kiwanja kikiwa mlimani, gonga mwamba kwa nyundo. Mwamba mzima hulia. Uliooza hutoa sauti butu na kumeguka. Itale, kwa mfano, huonekana ngumu, lakini maji ya mvua hugeuza sehemu ya madini yake kuwa mfinyanzi, na kinachobaki ni chembe za mchanga. Mwamba wa chokaa wenyewe huyeyuka, ukaacha mapango chini. Huko msikilize mhandisi, si mimi. Miti iliyopinda shinani kisha ikanyooka juu mara nyingi huonyesha udongo unaoteremka taratibu.

Mwisho, makorongo. Korongo hukua kuelekea juu ya mteremko, kwa sababu maji yanapodondokea kichwani mwake huchimba chini ya ukingo na kuuangusha. Watu hujaza mawe kule chini wakashangaa linazidi kupanda. Yazuie maji huko juu, au yaelekeze pembeni, kabla hayajafika kichwani, kisha panda nyasi na vichaka. Na ukijenga ukuta kulinda ukingo wa mto, zungumza kwanza na jirani wa upande wa chini, maana nguvu ya maji inayokataliwa kwako huenda kuchimba kwake.