Jibu: Kaburi la Freddie Mercury liko wapi?

Salaam ndugu yangu. Unasema umezunguka makaburi ya Kensal Green, London, siku nzima ukilitafuta kaburi la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, hukuliona. Pole, hutaliona. Alifariki 24 Novemba 1991, mwili ukachomwa hapohapo Kensal Green, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, mchumba wake wa zamani na rafiki yake wa karibu, ambaye hajawahi kutangaza alikoyaweka. Basi acha kutafuta jiwe.

Anza na Logan Place, Kensington, nje ya ukuta wa Garden Lodge, nyumba aliyofia. Ni makazi ya watu, usigonge. Weka ua lako, simama kidogo.

Ukipata nauli, nenda Montreux, Uswisi. Sanamu yake ipo tangu 1996, inatazama ziwa, ngumi juu. Nilipofika nilikuta barua zimefungwa kwenye nailoni zisilowe, moja ya mwandiko wa mtoto. Nililia, sikuona haya.

Na sisi wa huku tusisahau Shangani, Mji Mkongwe. Alizaliwa Zanzibar 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na tangu 2019 kuna makumbusho yake. Mimi kila Novemba huenda pale.