Maana ya "get round to"

Ndugu yangu, umeuliza kama maana ya msemo wa Kiingereza "get round to" ni kuzunguka. Hapana, ni kupata hatimaye wasaa wa kufanya jambo ulilokuwa ukiliahirisha, na Wamarekani husema "get around to". Chukua mkulima wa huku kwetu Newala ambaye kwa wiki kadhaa amekuwa akisema atalisafisha bomba lake la kupulizia dawa ya mikorosho, na leo ameketi barazani akizibua kwa sindano tundu lililoziba: huyo ndiye atakayesema "I finally got round to it". Naomba tusiutafsiri kwa "nimefanikiwa", kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa ngumu, ilikosa nafasi tu. "Hatimaye nimepata wasaa" inatosha kabisa.