Shanti au upasuaji wa kamera kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa?

Pole sana dada. Umeuliza kipi bora kwa mwanao wa miezi minne, aliyejaa maji kichwani baada ya homa ya uti wa mgongo: shanti au upasuaji wa kamera.

Shanti ni mrija unaopita chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni, na hubaki humo. Unaweza kuziba au kupata maambukizi hata baada ya miaka. Kwa njia ya kamera, daktari hutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate pa kupita, na kwa watoto wachanga huchoma pia tishu zinazotengeneza maji hayo. Hakuna mrija unaobaki. Ikishindikana, mara nyingi hujulikana ndani ya miezi sita ya mwanzo.

Njia hizi zililinganishwa Mbale, Uganda, kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita wenye tatizo kama la mwanao. Matokeo yalitoka 2017: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukutofautiana kwa maana. Kamera ilishindikana kwa asilimia 35, shanti 24, na tofauti hiyo nayo haikutosha kutangaza mshindi.

Kwa hiyo mimi ningetazama umbali wenu na hospitali yenye daktari wa ubongo. Shanti ikiziba usiku nanyi mko mbali, ni hatari kweli. Njia yoyote mtakayochagua, utosi ukivimba, akitapika mfululizo, akilegea au macho yakitazama chini tu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.