Vituko vya safari huanzia stendi: kwa wewe unayeanza kusafiri masafa marefu

Kaa na watu waliozunguka Afrika Mashariki miaka mingi kwa basi, treni na boti, utacheka mpaka mbavu ziume. Yupo aliyefika stendi jioni na tiketi ya alfajiri. Yupo aliyepanda basi la rangi ileile pale mpakani, akakuta siti yake ina mwenyewe. Yupo aliyekwenda Mbezi isiyo yake. Ukivisikiliza vizuri visa hivyo, utaona vingi havikutokea gari likiwa mwendoni. Gari likishika barabara, kazi ni ya dereva. Abiria hupotea pale mambo yanapobadilika: saa, kituo, nchi, noti. Hapo ndipo pa kuweka akili, na habari njema ni kwamba sehemu hizo zinajulikana mapema.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayowaacha wengi. Tiketi moja huandikwa 06:00, nyingine 12:00 asubuhi, na zote mbili ni safari ileile. Mkata tiketi kwenye simu atakutajia "kumi na mbili" tu, akijua kila mtu anaelewa. Aliyezoea kusoma saa ya simu akiona 12:00 atafika adhuhuri, saa sita nzima baada ya basi kuondoka. Dawa yake ni ndogo: usikubali saa isiyo na asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele yake. Rudia kwa sauti, "saa kumi na mbili asubuhi, alfajiri hii ya kesho?", halafu andika mwenyewe juu ya tiketi kwa saa unayoitumia wewe. Uliza pia muda wa kuripoti. Nusu saa kabla ni kawaida kwa basi. Kwa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya Nairobi na Mombasa jipe saa nzima, kwa sababu mizigo hukaguliwa kabla hujaingia ndani.

Ndege na boti za usiku wa manane zina mtego mkubwa zaidi. Tiketi inayosema saa 00:30 tarehe 14 inakutaka uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Watu hulala usingizi mzuri usiku huo, wakaamka tarehe 14 kupanga nguo, na ndege yao iko mbali. Vilevile ukiambiwa "usiku wa Jumamosi", uliza: ni usiku wa kuamkia Jumamosi, au wa kuamkia Jumapili? Kwa mzee mmoja ni ule wa kwanza, kwa kijana wa ofisini ni ule wa pili, na wote wawili wanasema kweli.

Jambo la pili ni kituo. Dar es Salaam kuna Mbezi Luis, iliyo Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mikoani yalihamia kutoka Ubungo mwaka 2021, kwenye Kituo cha Magufuli. Kuna pia Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Ukimwambia dereva wa bodaboda "Mbezi" bila kuongeza neno, anaweza kukupeleka baharini saa kumi alfajiri. Na hata ukishajua Mbezi ni ipi, uliza kampuni unapandia wapi, kwa sababu baadhi hupakia abiria pia kwenye ofisi zao za Shekilango. Kenya mambo ni yaleyale: stesheni ya SGR inayoitwa ya Nairobi iko Syokimau, na ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya katikati ya mji. Uwanja wa ndege wa Entebbe uko karibu kilomita 40 kutoka Kampala. Jina la mji kwenye tiketi halikufikishi mjini. Weka akiba ya nauli na ya muda kwa kipande hicho cha mwisho.

Ukifika stendi, utapokewa na wapiga debe. Ni watu wa kazi yao, usigombane nao, ila usimpe mtu begi. Begi likishabebwa, unalifuata wewe, na unafika kwenye basi alilotaka yeye. Kata tiketi siku moja kabla, kwa simu au ofisini kwa kampuni, kisha ukiulizwa unakwenda wapi jibu kwa kutaja jina la kampuni na useme una tiketi. Hapo wengi hukuachia njia. Basi lenye injini inayounguruma na watu wachache wamekaa si ushahidi kwamba linaondoka sasa hivi. Angalia buti: kama mizigo bado inapangwa, au hakuna mizigo kabisa, kaa chini unywe chai.

Mzigo wa buti ufungwe kitambaa cha rangi kali, jina na namba ya simu viwe nje na ndani pia, maana karatasi ya nje huchanika. Dai tiketi ya mzigo. Mwambie konda unashukia wapi ili aupange karibu na mlango wa buti. Anayeshukia njiani na mzigo wake uko chini kabisa hushusha basi zima. Pesa, hati, dawa na chaja vibaki kwenye begi dogo linalokaa miguuni, si kwenye kichanja cha juu.

Kuhusu siti, ukubali ushauri huu wa wazoefu: katikati ya basi, mbali na tairi za nyuma. Siti za mwisho hurusha kwenye kila tuta. Kwa anayetapika, kaa mbele na utazame mbali, usisome simu, hasa kwenye kona za mlima Kitonga kabla ya Iringa. Kutoka Dar kwenda Arusha, jua la asubuhi liko kulia, lakini milima ya Usambara na Upare iko kulia vilevile, na baada ya Moshi hata Kilimanjaro iko huko. Wengi wanaopenda safari huvumilia jua wapate milima. Kipande hicho, Mombo hadi Same, ni kati ya vizuri zaidi kuvitazama kwa dirisha la basi, na ni huzuni kukipita umelala.

Kisha kuna kituo cha kula na kuchimba dawa, ambapo visa vya kuachwa huzaliwa. Konda akisema dakika kumi, ni kumi za kwake. Kabla hujashuka piga picha namba ya usajili wa basi, si rangi yake, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na mabasi matatu yanayofanana hapo hapo. Mwambie jirani yako wa siti kwamba unashuka. Huyo ndiye atakayepiga kelele basi likianza kusogea. Anza na choo, halafu chakula, maana foleni ya choo haiahidi muda. Beba noti na sarafu ndogo za kulipia. Chagua chakula kilichokwisha pikwa, wali au ndizi; chipsi za kukaangwa upya ndizo zinazowaacha watu na sahani mkononi. Na ishara moja haidanganyi: tafuta dereva. Maadamu dereva yuko mezani anakula, basi halina pa kwenda. Akinawa, wewe simama.

Kuhusu maji, usijinyime kutwa nzima kwa kuogopa choo. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi lisilotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa litakula siku yote. Kunywa kidogo kidogo, na kwa sababu hiyohiyo usipange kuunganisha gari jingine jioni ileile.

Mpakani ndipo pa kutulia kuliko pote. Kwenye vituo vya huduma kwa pamoja, kama Namanga, Holili, Rusumo, Mutukula na Tunduma, maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Utashuka na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma asubuhi ya safari hakusaidii. Tangu 2016 kadi moja ni ya maisha yote. Jina liwe sawa na la pasipoti, herufi kwa herufi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka miongoni mwao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini kwa kuingia na kutoka Tanzania jiandae na pasipoti.

Dirisha la kwanza ni la kutoka, la pili ni la kuingia. Kosa la kawaida ni kuona foleni ya kuingia fupi ukaikimbilia. Utarudishwa, na basi linasubiri. Kabla hujaondoka dirishani soma muhuri: tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Kuusahihisha pale ni jambo la dakika, kuusahihisha ukiwa mji mwingine ni safari nyingine. Wakati huo basi linakuwa limezunguka upande wa pili kukaguliwa, na halitakuwa pale ulipoliacha. Ndiyo maana ya ile picha ya namba, pamoja na namba ya simu ya konda. Usimbebee mtu mzigo, hata akikuita mwanangu.

Mifuko ya rambo iache nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kikapu au begi la kitambaa linatosha.

Pesa badilisha kidogo, ndani ya duka la kubadilishia fedha au benki ukiweza. Ukilazimika kwa wa mitaani, piga hesabu kwa simu yako, si kikokotoo chake. Zishike pesa zake kwanza, uzihesabu noti moja moja ukizikunjua, ndipo utoe zako. Akizichukua tena "aongeze kidogo", hesabu upya tangu mwanzo. Namanga kuna shilingi mbili zenye jina moja, na ya Kenya miaka ya karibuni imekuwa ikikaribia 20 za Tanzania. "Mia mbili" ya chai inaweza kuwa elfu nne. Uliza: ya wapi? Ukienda Kongo na dola, chagua noti safi zisizo na mchaniko hata wa kucha, kwa sababu zilizochanika zinakataliwa madukani.

Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Kabla ya kuvuka barabara ya Kigali tazama kwanza kushoto, kinyume cha ulivyozoea Mwanza au Kisumu. Pikipiki za Kigali hubeba abiria mmoja mwenye kofia ngumu, mishikaki haipo.

Na saa inarudi tena. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na mashariki ya Kongo. Ukilala Tunduma, simu inaweza kushika mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, na kujirudisha nyuma saa nzima bila kukuuliza. Kengele uliyoweka saa kumi na moja alfajiri italia Tunduma ikiwa saa kumi na mbili, na basi la Dar limeshatoka. Kabla ya kulala mji wowote wa mpakani, zima saa ya kujipanga yenyewe, chagua mtandao kwa mkono, zima data ya ng'ambo, kisha linganisha saa yako na ya mapokezi. Ukitoka Kigali kurudi kupitia Rusumo unapoteza saa moja, kwa hiyo gari la kuunganisha upande wa Tanzania lihesabu kwa saa ya Tanzania tangu unapokata tiketi.