Kodi iliyozidi, kodi iliyopungua: maswali ya wasomaji wa Tanga

Shikamoo. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani na mhasibu hunitengenezea hesabu. Mwaka jana nililipa awamu zote nne za makadirio, lakini biashara ikadorora. Mamlaka ya Mapato (TRA) watanirudishia kilichozidi?

Marahaba mwanangu. Watakurudishia ukiomba, usitarajie fedha zijilete. Zile awamu za Machi, Juni, Septemba na Desemba ni makisio tu. Hesabu ya kweli ni ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi yako, inayowasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wako wa hesabu kwisha, na ziada huonekana hapo. Andika maombi ya marejesho kabla ya miaka 3 kupita tangu ulipolipa, uambatanishe uthibitisho wa malipo na vitabu vyako. Kama una deni jingine la kodi, litakatwa kwanza. Na mwaka huu ukiona mauzo yameshuka tena, peleka makadirio mapya kabla mwaka haujaisha. Inaniuma kuona watu wakimaliza mtaji kulipia faida ambayo hawakuipata, ilhali njia hiyo ipo.

Nanunua samaki Sahare na kuwapeleka bara. Nimegundua kodi niliyolipa ni pungufu. Nikikaa kimya itakuwaje?

Kaka, usikae kimya hata kidogo. Riba huhesabiwa tangu siku ya mwisho ya kulipa, na kila mwezi hujumlishwa juu ya deni, kisha nayo inazaa riba. Nenda mwenyewe, rekebisha ritani. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, omba kwa maandishi ulipe kidogo kidogo.

Mshahara wangu ni 250,000 kwa mwezi, nao unakatwa kodi. Ni halali?

Hapana, dada, ikiwa hiyo ndiyo ajira yako kuu na hupati posho juu yake. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi. Anza kwa mhasibu wa kazini.

TRA wameniletea tathmini, yaani hesabu ya kodi wanayonidai, nisiyoikubali. Nifanye nini?

Angalia tarehe uliyoipokea: una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Mfanyabiashara mdogo huumia sana hapo, kwa hiyo kama huna fedha hizo, mwombe Kamishna Mkuu wa TRA apunguze au aondoe amana hiyo ya kutanguliza, ukieleza sababu zako. Akitoa uamuzi na bado huridhiki, nenda Bodi ya Rufaa za Kodi.