Ufa au hitilafu? Namna ya kuieleza miamba iliyohama

SWALI: Ninaishi Temeke, Dar es Salaam, na ninaandika kijitabu kuhusu Bonde la Ufa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Niliandika hivi: "Hitilafu za ardhi ziliinamisha tabaka za mashapo na kuumba vilima." Mwenzangu amekata neno hitilafu akaweka ufa. Mimi naona ufa ni neno dogo mno, la kwenye ukuta wa nyumba. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Hitilafu ni kasoro inayokizuia kitu kufanya kazi yake: mashine ikizimika au taa zikikatika mtaa mzima, tunasema imetokea hitilafu. Mwamba uliovutwa na nguvu za ndani ya dunia hadi ukakatika hauna kasoro yoyote. Neno hilo limeingia katika maandishi ya aina hii kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja, fault, kwa kosa na kwa ufa wa mwamba, na wafasiri wengine wameshika maana isiyohusika.

Hata hivyo, wasiwasi wako una msingi, kwa kuwa ufa peke yake hausemi kwamba pande mbili zimehama. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inazungumzia mwanya tu. Lakini huo ukuta unaoudharau unaweza kukufundisha jambo. Tazama nyumba ambayo msingi wake umeharibika upande mmoja: kozi ya tofali inayotoka kushoto ikifika kwenye ufa haikutani tena na mwenzake wa kulia, bali imeshuka kwa vidole viwili au vitatu. Fundi atakuambia kwamba upande ule umetitia. Matabaka ya mwamba hufanya vivyo hivyo, na kitenzi hicho cha fundi ndicho ninachokuomba ukitumie bila kuona haya. Sakafu ya Bonde la Ufa imetitia kati ya nyufa ndefu huku kingo zake zikibaki juu, na ndiyo maana Ziwa Manyara limelala chini ya ukuta mrefu wa mwamba, na Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470. Mahali ambapo kipande cha ardhi kimeinuka kati ya nyufa, andika kimeinuka; milima ya Uluguru, ambayo msafiri anayetoka Dar es Salaam huiona akikaribia Morogoro, ni ya namna hiyo, ingawa miamba yake ni miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, si ya mashapo (mchanga, matope na majivu yaliyotuama), kwa hiyo usiiingize katika sentensi yako.

Mfano unaokufaa zaidi ni korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania. Humo majivu ya volkano na matope ya ziwa la kale yalituama tabaka juu ya tabaka, kisha nyufa zikayakata, hata tabaka lile lile ukalikuta juu upande mmoja wa ufa na chini upande wa pili.

Kuhusu sarufi, mimi huandika tabaka na matabaka, kwa upatanisho wa li- na ya-. Tofautisha pia yameinama na yameinamishwa: la kwanza linaeleza hali inayoonekana kwa macho, la pili linadai mtendaji, nawe huna budi kumtaja. Yamekunjamana yaache kwa mahali ambapo ardhi imebanwa kutoka pande mbili. Bonde la Ufa limetokana na ardhi kuvutwa na kuachana, kwa hiyo kuinama na kutitia ndiko kunakolifaa.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote ni mfuatano wa vitendo. Sentensi yako haisemi kipi kilitangulia, ilhali ufa unaokata tabaka lazima uwe umetokea baada ya tabaka hilo kuwapo, na mwanajiolojia husoma umri wa matukio kwa kanuni hiyo hiyo. Kiswahili kina -ka- ya kusimulia, nayo inatosha kabisa: "Mashapo yalituama kwa matabaka yaliyolala sawa, baadaye ardhi ikavutwa, ikapata nyufa, upande mmoja ukatitia na mwingine ukabaki juu, na matabaka yakainama yakawa vilima."